Imla si Elimu

Imeingia katika vyuo vikuu vyetu desturi ya kuistahi mashine kuliko kazi yake. Chuo kikinunua tarakilishi na skrini za ukutani hutangaza kuwa elimu yake imekuwa ya kisasa. Wageni hualikwa, utepe hukatwa, picha hupigwa. Sherehe ikiisha wanafunzi huingia ukumbini, mhadhiri huwasha projekta, na kumbe maneno yatokeayo ukutani ni yale yale yaliyokuwa katika daftari lake kuukuu, ambalo karatasi zake zimegeuka manjano kwa miaka. Jana aliyasoma mkononi, leo ayasoma ukutani. Jana wanafunzi waliyanakili kwa kalamu, leo huyapiga picha kwa simu. Nasema kuwa hapo hapakutokea badiliko lo lote ila katika hesabu ya fedha.

Si kwamba kusoma kwa sauti hakukuwa na sababu. Katika Ulaya ya karne ya 13 kitabu kilinakiliwa kwa mkono, na bei yake ilimshinda mwanafunzi. Basi mwalimu alishika nakala moja akaisoma, na wengine wakasikiliza. Neno la Kilatini ambalo Waingereza walitoa kwalo jina la mhadhara maana yake ni kusoma tu. Gutenberg alipoanza kupiga chapa vitabu mjini Mainz katikati ya karne ya 15, sababu ile ilianza kufa, lakini imla haikufa pamoja nayo. Mwaka 2001 chuo cha MIT huko Marekani kilitangaza kuwa kitaweka maandishi ya masomo yake katika intaneti, ayasome atakaye bila malipo. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa. Tangu hapo maneno ya somo si kitu adimu. Kitu adimu ni mtu atakayesikia kosa la mwanafunzi na kumwonyesha mahali fikira yake ilipopotea njia. Kumtumia mtu huyo kusoma ukuta ni israfu.

Tazameni jambo lililompata Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard. Wanafunzi wake walimsifu, na katika mitihani ya hesabu ndefu walifanya vizuri. Kisha akawapa maswali mepesi yasiyo na hesabu, ya namna hii: lori zito likigongana na gari dogo, ni lipi linalosukuma mwenzake kwa nguvu zaidi? Kanuni ya tatu ya Newton yasema kuwa nguvu hizo ni sawa, na mwanafunzi wa fizikia huitaja kanuni hiyo kwa ghibu. Hata hivyo wengi walikosea, na mmoja akamwuliza mwalimu kama ajibu kwa jinsi alivyofundishwa au kwa jinsi alivyozoea kufikiri. Swali hilo ni shtaka zima.

Kuanzia mwaka 1991 Mazur aliacha kuhutubia saa nzima. Aliwataka wanafunzi wasome kabla ya kuja. Darasani akauliza swali, kila mtu akachagua jibu peke yake, akabishana na jirani yake, kisha akajibu tena. Aliyefahamu jambo sasa hivi aghalabu humweleza mwenzake vizuri kuliko aliyelifahamu miaka 30 iliyopita, maana angali akikumbuka alipokwama. Majibu yalionyeshwa kwanza kwa mikono na kadi, baadaye kwa vyombo vya umeme. Leo simu iliyo mfukoni mwa mwanafunzi wa Eldoret au Maseno yaweza kufanya kazi hiyo, na mhadhiri mwenye watu 400 akajua kwa dakika moja ni wangapi waliopotea. Mashine ninayoitetea ni hiyo.

Wako wanaosema kuwa video moja ya mwalimu hodari yatosha watu laki moja, na wahadhiri wapunguzwe. Jaribio hilo limekwisha kufanywa. Mwaka 2011 walimu wawili wa Stanford walifungua somo katika intaneti, wakajiandikisha watu wapatao 160,000. Waliofika mwisho walikuwa elfu ishirini na ushei. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971, kilitumia televisheni ya BBC, lakini mwanafunzi alikuwa na mkufunzi wa kusahihisha kazi yake na kumjibu. Televisheni ilipata sifa. Mkufunzi alifanya kazi. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati mwaka 2023, chapaswa kuulizwa swali moja kabla ya mengine yote: mkufunzi mmoja ana wanafunzi wangapi?

Wako pia watakao mashine ifukuzwe, kwa kuwa tangu mwisho wa mwaka 2022 akili bandia huandika insha kwa nukta chache. Lakini kabla ya mashine hiyo vijana wengi wa Kenya walikuwa wakilipwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza, na walimu wa huko wakizitia alama. Insha ambayo mwenyewe haulizwi swali ilikuwa ushahidi dhaifu tangu zamani. Mwanafunzi na aketi mbele ya mwalimu, aeleze alichoandika. Saa ya kufanya hivyo itapatikana siku imla itakapoondolewa.

Sina budi kutaja umaskini. Vyuo vilipofungwa mwezi Machi 2020, mihadhara mingi ilipelekwa kwa video, na wako wanafunzi wa vijijini waliopanda vilima kutafuta mtandao, bando likaisha kabla ya somo. Kurasa kumi za maandishi zingalifika kwa sehemu ndogo sana ya gharama ile. Aliyechagua video hakumfikiria mwanafunzi huyo.

Wewe usomaye kitabu hiki huenda ukaingia chuo kikuu baada ya mwaka mmoja au miwili. Mhadhiri akianza kusoma ukuta, mwombe kwa adabu awapelekee maandishi yale siku moja kabla, ili saa yake iwe ya maswali. Na mkiyapata yasomeni. Asiyeyasoma hana haki ya kudai. Huenda akakasirika. Wahadhiri wengi walilelewa kwa imla, wala hajatokea mtu wa kuwaomba kitu kingine.