Maoni: Barabara inajengwa mlangoni mwao, wao wanaisoma kwenye fotokopi

Nilimkuta kijana mmoja karibu na Kabasha, kwenye barabara ya Butembo–Beni, amesimama kando ya pikipiki iliyomleta, anatazama tu. Mbele yake mashine ilikuwa inashindilia udongo. Nilidhani anangoja njia ifunguliwe kama sisi wengine. Kumbe motari wake alikuwa tayari kuondoka, na yeye ndiye aliyeomba dakika chache. Aliniambia kwamba anasoma ujenzi katika chuo cha serikali, mwaka wa mwisho. Somo la barabara walilimaliza kwa siku chache, kwa kuwa profesa alikuwa mgeni na ndege ilikuwa inamsubiri. Tabaka la chini la barabara alikuwa analijua kwa mchoro wa kwenye silabasi. Siku hiyo ndiyo aliliona kwa macho.

Maneno yake hayajanitoka kichwani.

Mradi wenyewe kila mtu hapa anaujua. Tarehe 16 Juni 2021, Marais Félix Tshisekedi na Yoweri Museveni waliuzindua mpakani, Kasindi na Mpondwe: kilomita 223 kwa jumla, yaani 80 kutoka Kasindi hadi Beni, 54 kutoka Beni hadi Butembo, na 89 kutoka Bunagana hadi Goma kupitia Rutshuru. Kazi ikapewa Dott Services, kampuni ya Uganda. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2022, Bunagana iliangukia mikononi mwa M23, na Goma ikafuata Januari 2025. Kwa hiyo matumaini ya lami yamebaki huku kwetu.

Yamebaki katika eneo ambalo lina vijana wanaosomea kazi hiyo hiyo. Wanapanga vyumba Bulengera na Vulamba, wananunua silabasi, wanalipa minervali ambayo mzazi ameitafuta kwa kuuza kahawa au mbao. Wengine wametoka wilaya ya Beni, ambako mauaji yamewafukuza watu mashambani tangu Oktoba 2014, na bado wanasoma. Kisha siku ya kutafuta staje wanazunguka na barua mkononi, ofisi kwa ofisi. Mwenye mjomba anapata. Asiye na mjomba anapigiwa muhuri na fundi wa mtaani, anarudi chuoni na karatasi.

Mimi nilisoma uandishi wa habari. Kwetu, daftari na redio ndogo vilitosha kutufanya tujaribu kazi kabla ya diploma, na aliyekosea aliandika upya kesho yake. Mhandisi hana nafasi hiyo. Aliyejifunza beto bila kuvunja hata kipande kimoja kwenye mashine ya kupimia nguvu atafanya jaribio lake la kwanza kwenye nyumba ya mtu. Na Butembo ni mji wa vilima: tazama maghorofa yanavyopanda kwenye miteremko ambayo mvua inaikata kila msimu, halafu ujiulize ni nani aliyepima udongo wa chini.

Mabadiliko ya LMD, yaliyoanza nchini mwaka wa masomo 2021-2022 chini ya waziri Muhindo Nzangi, ambaye ni mtoto wa huku, yalikuja na ahadi kwamba mwanafunzi atajifunza kwa kutenda. Ni ahadi nzuri. Lakini kutenda kunahitaji mahali, na mahali penyewe papo, kilomita 54, tena njiani.

Ninachodai ni kidogo. Kila mkataba wa ujenzi ambao serikali inatia saini Kivu Kaskazini uwe na kifungu kinachotaja idadi ya wanafunzi watakaopokelewa kila mwaka, na chuo kiwachague kwa alama zao, si kwa majina ya wajomba. Cha pili ninakiona kikubwa zaidi. Kampuni inayojenga barabara ya lami haiwezi kufanya kazi bila maabara ya kupima udongo, kokoto na lami yenyewe. Kazi ikiisha, vifaa hivyo vinapakiwa kwenye lori na kwenda. Kwa nini visibaki? IBTP ya Butembo, ambayo jina lake lenyewe ni majengo na kazi za umma, ingepata vifaa vya kufundishia kwa miaka mingi kwa bei ambayo ni tone katika mradi wa namna hii. Wazo la kumlinda Mkongomani ndani ya mikataba si geni: sheria ya Februari 2017 tayari inaziwekea kampuni za Wakongomani kazi za ukandarasi mdogo. Basi tuwakumbuke na vijana walio darasani.

Najua nitajibiwa kwamba kuna vita. Ni kweli, na hakuna anayeomba mtoto apelekwe porini. Lakini vipande vilivyo karibu na miji hupitwa na wamotari na akina mama wa sokoni kila siku. Wengine watasema lugha: wahandisi wa Uganda wanatumia Kiingereza, wetu Kifaransa. Hili linanichekesha. Kiswahili kipo, na Mkonzo wa Kasese na Munande wa Butembo wanasalimiana sokoni bila mkalimani.

Wafanyabiashara wetu nao wasikae pembeni. Wazazi wao walichanga pamoja na Askofu Emmanuel Kataliko, wakatengeneza barabara bila kungoja Kinshasa, na mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Graben kikazaliwa. Leo kila ghorofa linalojengwa mjini lingeweza kupokea wanafunzi wawili. Mwenye jengo hapotezi chochote, isipokuwa pengine fundi wake ataulizwa maswali.

Kwa sababu siku moja lami hii itakabidhiwa. Mashine zitavuka Kasindi kurudi zilikotoka, na mvua ya kwanza itaanza kuchimba mitaro pale Maboya. Atakayeitwa kutengeneza ni yule aliyesoma kwenye fotokopi.

Kijana wa Kabasha alitoa simu apige picha mbili za ile mashine, kwa ajili ya kazi yake ya mwisho ya masomo. Askari aliyekuwa zamu akamwambia aifiche simu. Akaiweka mfukoni, akapanda pikipiki, wakaendelea kuelekea Beni.