Umeme uanzie jikoni

Hapa Yanonge, nchini Kongo, mashine ndogo za umeme za kukata mboga zimeanza kuingia majumbani. Zinatoka Kisangani kwa mashua ya balenieri au nyuma ya pikipiki, zikiwa bado katika katoni zake: bakuli la lita mbili, visu vilivyopangwa juu na chini, kitufe kimoja cha kubonyeza. Kijana aliyepata kazi mjini anamtumia mama yake moja. Mama anashukuru, majirani wanakuja kuitazama, kisha inarudi katoni na kupandishwa juu ya kabati. Kesho yake mchi unadunda kinuni kama siku zote.

Nimesikia wanaume wakisema kwamba mama zetu hawataki mambo mapya. Si kweli hata kidogo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina mabinti na nina mama mkwe asiyehesabu kuwa amekula kama hakupata sombe, yaani mboga ya majani ya muhogo, na sababu naiona kila siku. Sombe huchemka muda mrefu kabla ya kutiwa mawese, kwa hiyo majani lazima yawe yamesagika mapema alasiri. Jenereta ya nyumba huwashwa giza likishaingia, kwa ajili ya simu, muziki na mpira. Umeme unafika wakati kazi ya jikoni imekwisha. Wala huwezi kusaga usiku kwa ajili ya kesho: majani mabichi yaliyosagwa, bila friji na kwa joto letu hili, yanaharibika.

Ninachotaka ni kitu kidogo. Mwenye jenereta aiwashe saa tisa alasiri kwa robo saa, na prizi ya kwanza iwe ya jikoni. Simu zichajiwe papo hapo, ili petroli ya kadhafi, wale wachuuzi wa barabarani, isiunguzwe kwa kazi moja. Kufidia, usiku muziki uanze robo saa baadaye.

Hesabu yake haitishi. Mashine ya namna hii hutumia wati 300 hivi. Muda ambao visu vinazunguka kweli, kwa sombe ya nyumba yetu, ni kama dakika 5. Huo ni umeme uleule unaoliwa na taa ya wati 5 ikiwaka saa 5. Jenereta ndogo kabisa inaubeba, mradi mtu asichomeke pasi wakati huohuo. Vile vibao vidogo vya jua vya taa na simu ndivyo visivyoweza, na anayemwambia mama kwamba vinaweza anamharibia pesa.

Tena mashine ina namna yake. Nyonyoa majani, tupa vikonyo vyote, maana nyuzi zake hujisokota kwenye visu. Osha mara mbili. Mchanga unaokwaruza meno ya mlaji unakula na kisu. Yakunje majani, uyakate kwanza kwa mkono, kisha weka konzi moja tu na maji kidogo sana. Bonyeza, achia, bonyeza, achia. Ukishikilia kitufe bila kuachia, mota inapata moto na utasikia harufu yake. Chomoa waya kwenye prizi kabla ya kukwangua ukuta wa bakuli kwa kijiko, na visu usimwachie mtoto kuviosha. Kwenye mzunguko wa pili ndipo unapotia kitunguu na pilipili.

Usifanye haraka kwenye kusaga kwenyewe. Jani la muhogo lina sumu ya sianidi. Sumu hiyo huachiliwa jani linaposagika, kisha huondoka na mvuke sufuria likichemka bila kifuniko. Mchi huponda; kisu hukata. Vipande vikiwa vikubwa, kazi bado. Rudia mpaka mboga ilainike kama ya kinuni, na uipe moto wa kutosha.

Wazee wanalalamika kuhusu ladha. Wana haki kiasi, kwa sababu wengi hutia maji mengi na sombe inakuwa nyepesi. Maji yakipunguzwa, mama mkwe wangu anakula na kuomba tena. Lituma, yaani ndizi ya kuchemsha na kutwanga, ni jambo jingine. Ndizi iliyochemshwa ikipita kwenye visu inanata kama gundi, na kwa lituma kinu kitabaki kinu. Sidai kitupwe.

Ninayemfikiria zaidi ni msichana. Masomo yakiisha, kaka yake anateremka mtoni kuoga na yeye anashika mchi. Darasani asubuhi ninawaona wale walioanza kutwanga karibuni: wanashika kalamu kwa ncha za vidole kwa sababu kiganja kina malengelenge. Nikiuliza daftari la kazi ya nyumbani, wao ndio wanaoinamisha kichwa.

Wala mikono hii haijaanza kusahauliwa leo. Hatuko mbali na Yangambi, palipokuwa na kituo kikuu cha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa mwaka 1933. Huko ndiko siri ya mchikichi wa tenera, wenye nyama nyingi ya mafuta, ilikofumbuliwa na kuchapishwa mwaka 1941. Mbegu ilitafutiwa wataalamu, mafuta yakatafutiwa viwanda. Kutoka shambani mpaka sahani, mkono wa mwanamke haukutafutiwa kitu.

Hata mjini hali si tofauti sana. Bwawa la umeme la Tshopo, lililojengwa miaka ya 1950, liko palepale Kisangani, lakini dada yangu wa Mangobo huamka usiku wa manane umeme ukirudi ili asage sombe kabla haujakatika tena.

Wafanyabiashara nao nawaomba: mkinunua mjini, chagueni bakuli la chuma, kwa kuwa la plastiki hupasuka njiani, na leteni visu vya akiba. Kisu kikiisha makali hapa, mashine nzima inarudi juu ya kabati.