Samaki wa Umoja, maji ya Sabaki

Ndugu zetu wa Umoja na Donholm wanaofuga samaki sebuleni wananunua samaki wa dhahabu akiwa kama kidole. Akitunzwa vyema aweza kupita sentimita 30, na tangi la kando ya tivii halimtoshi. Kama huna bwawa, usimnunue. Kumbana kiumbe ni dhulma. Habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia sote twaijua.

Na aliyekwisha kununua? Amrudishe dukani, asimtupe Mto Ngong. Maji yale huingia Athi, Athi ndiyo Galana, nayo hutufikia Malindi kwa jina la Sabaki. Naivasha walitiwa kamba wa Marekani mwaka 1970. Walitafuna majani ya ziwani, na mpaka leo wamo.