Moto wa santrali utengeneze barafu ya sambaza



Siku mwalimu wa fizike aliposema kama moto unaweza kutengeneza baridi, kalasi yote ilicheka. Lakini wazazi wetu waliona jambo hilo kwa macho yao. Kwenye dispansere nyingi za misioni kulikuwa frigo ya petroli: taa ndogo inawaka chini, chanjo zinakaa baridi juu. Frigo ya namna ile ilivumbuliwa na wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Ndiyo, wanafunzi! (Wa chuo kikubwa, lakini wanafunzi.)

Ndani yake mna amonia iliyochanganywa na maji. Moto unafukuza amonia itoke katika maji kama mvuke; mvuke unapoa, unakuwa maji-maji; kisha amonia inageuka mvuke tena ndani ya frigo, na kwa kufanya hivyo inanyang'anya joto la vitu vilivyomo. Mwishoni maji yanainywa tena, na safari inaanza upya.

Sasa tuangalie ziwa letu la Kivu. Kule Kibuye, upande wa Rwanda, santrali ya KivuWatt inafanya kazi tangu mwisho wa 2015. Inapandisha maji toka chini, kama metre 350, inatoa metani ndani yake na kuichoma katika mota kubwa tatu: megawati 26. Basi mota ya gazi, hata ikiwa nzuri sana, inageuza kama nusu tu ya nguvu ya gazi kuwa umeme. Ile ingine inatoka na moshi na maji ya kupoza mota. Ruzizi haiko vile, juu ya maji yake yanazungusha turbini bila kuwasha kitu.

Upande wetu, mwaka 2022 serkali ilitangaza sehemu tatu za gazi ya ziwa zitafutiwe makompani. Watu wote wanauliza: megawati ngapi? Sisi tunauliza: na moto wake utaenda wapi?

Huko Helsinki tangu 1998 maji baridi yanapita ndani ya mabomba chini ya barabara, yanapoza nyumba na maofisi, na sehemu ya baridi ile ilitengenezwa kwa moto wa santrali za umeme, wakati wa joto ambapo watu hawahitaji kupasha nyumba. Ni vizuri. Lakini sisi hatutaki kuiga tu. Bukavu iko juu karibu metre 1.500, usiku tunajifunika blanketi; kupoza ofisi za wakubwa hakuwezi kuwa kazi ya kwanza.

Kazi ya kwanza ni sambaza. Wavuvi wanazivua usiku kwa taa, asubuhi zinafika pwani, na saa sita zimeanza kunuka. Mama mmoja muuzaji alituambia: « Watoto, jua ikipanda, bei inashuka. » Asipouza, anaanika, mvua ikinyesha, anatupa. Karo ya wengi wetu inatoka mule mule ndani ya beseni.

Kwa hiyo mashine ichaguliwe vizuri. Kuna ile ya chumvi ya lithiamu bromidi, inayotosheka na maji ya digri 90 hivi, lakini inaleta maji baridi tu, haigandishi. Kwa barafu inatakiwa ya amonia, na moto mkali wa moshi. Tena moto hausafiri mbali kama umeme. Santrali ikijengwa kwenye kilima cha peke yake, hakuna bomba litakaloufikisha sokoni. Mahali pa kiwanda cha barafu paandikwe ndani ya mkataba, karibu na pwani wanaposhukia wavuvi, mbele ya jiwe la kwanza kuwekwa. Mota zikiisha kufungwa, ni nani atakayekuja kuzungumzia beseni za mama zetu?

Wa kalasi ya sita siyantifike