Damu Yako Haihitaji Maji ya Alkali

Wiki ile boom ilipoingia, jamaa mmoja alitukuta vimbwetani na katoni za maji. "Haya ni maji ya alkali, yanaondoa asidi kwenye damu," akatuambia. Akachovya kikaratasi cha kupimia kwenye soda, kikawa chekundu. Akachovya kingine kwenye maji yake, kikawa cha bluu. Watu wakatoa hela. Chupa moja, bei ya sahani tatu za wali maharage!

Jamani, tuliingizwa mjini, tena wasomi wazima. Kile kikaratasi kinapima kilichomo kwenye chupa, hakipimi kilichomo kwenye mishipa yako. Ukinywa yale maji yanafikia kwanza tumboni, kwenye asidi kali yenye pH ya kati ya 1.5 na 3.5 hivi. Alkali yake inaishia hapo.

Damu yenyewe hukaa kati ya pH 7.35 na 7.45. Kila siku mwili unazalisha asidi, lakini damu haiyumbi kwa sababu ina walinzi watatu. Kwanza kuna bikaboneti, inayoidaka asidi papo hapo ndani ya damu. Pili mapafu: asidi ikizidi, unapumua kwa kasi na kwa kina zaidi ili kutoa hewa ya ukaa, na ndani ya dakika chache mambo yanaanza kukaa sawa. Tatu ni figo. Hizi hazina haraka, kazi yao ni ya saa hadi siku kadhaa: zinatupa asidi kwenye mkojo na kurudisha bikaboneti kwenye damu. Ndiyo maana pH ya mkojo inaweza kupanda na kushuka kutwa nzima, ya damu ikabaki palepale. Na huduma yote hiyo ni bure.

Najua mtasema, "Si maji tu, yana ubaya gani?" Ubaya ni kwamba tukizoea kuamini asidi ya damu inatibiwa kwa chupa, siku ikizidi kweli hatutaitambua. Mwenzako wa chumba mwenye kisukari akikosa insulini, mwili wake unachoma mafuta na kutengeneza asidi za ketoni mpaka wale walinzi wanazidiwa. Atashikwa na kiu kali, atakojoa mara kwa mara, atatapika, tumbo litamuuma. Atahema haraka na kwa nguvu, na pumzi yake inaweza kunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hosteli tutasema, "Huyo kalewa, mwacheni alale." Akilala hivyo, anaweza asiamke. Anahitaji insulini na dripu, hospitali, usiku huohuo.

Rai yangu kwa serikali ya wanafunzi: anayekuja kutuuzia tiba kampasi aulizwe kwanza ushahidi. Na sisi tuzijue hizo dalili. Hela ya chupa mbili za yale maji inatosha bajaji ya kumfikisha mwenzako hospitali.