Mpunga tunauza, mkate tunanunua: aibu ya kubeba chakula kazini imetoka wapi?

KASONGO – Ninyi wa hapa Kasongo, wa Kabambare, na ninyi jamaa mliokimbia vijiji vyenu na sasa mnalala kwa wenyeji: leo siwaletei habari ya barabara wala ya usalama. Naleta ugomvi.

Juzi, saa tano asubuhi, nilikaa na wamotari kwenye kituo chao. Mmoja akafungua majani ya ndizi: mihogo ya kuchemsha, sombe ya mawese, na kipande cha samaki. Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Mama amekufungia kama mtoto wa shule!" Na hao waliocheka walikuwa na nini mkononi? Mkate mkavu na chupa ya maji ya sukari yenye rangi. Saa nane wawili kati yao walikuwa wanasinzia juu ya pikipiki. Yule wa majani alikuwa amekwisha kwenda na kurudi mara mbili.

Sasa nauliza, aibu hii tumeitoa wapi? Mpunga uliingia kwetu karne ya 19 pamoja na watu wa pwani, wakati Kasongo ilipokuwa makao ya Tippu Tip. Tangu hapo Maniema ni nchi ya mchele. Ngano hatulimi. Unga wa mkate unatoka mbali, na kila anayeushika njiani anakata faida yake. Basi mama anashusha gunia lake la mpunga sokoni, anauza kwa bei aliyotaka mnunuzi, na kijana wake anachukua franka zile zile kununua mkate. Halafu tunasema umasikini umetuandama. Hapana, ndugu zangu. Mwingine tunaufuata wenyewe, mbio.

Na huo mkate unampa mtu nini? Njaa inanyamaza saa moja, kisha inarudi na hasira. Karanga na maharagi vinajenga mwili. Mawese mekundu, yale yale tunayoyadharau mbele ya mafuta meupe ya dukani, rangi yake ndiyo inayogeuka vitamini A mwilini na kulinda macho. Vitu hivi vyote viko kwenye soko letu, wala havihitaji tajiri.

Twende kwenye mashimo ya zahabu, maana huko jambo ni zito zaidi. Vijana wetu wengi wako Salamabila, Namoya na pembeni yake. Desturi ya mashimo mengi ya mashariki ya Kongo mnaijua: pedeje anatoa chakula mbele, na siku zahabu inapopatikana, gharama ile inatolewa kwanza kabla watu hawajagawana. Anayekula kwa muuza chakula wa pembeni naye anaandikwa kwenye daftari, kwa bei ya shimoni. Shimo likitoa maji tupu, daftari halijali. Kijana anarudi nyumbani baada ya miezi na mikono mitupu, na mke anauliza pesa imekwenda wapi. Imeliwa, mama. Imeliwa sahani kwa sahani.

Simwambii mchimbaji abebe sufuria mgongoni. Abebe kinachodumu: kwanga, karanga za kukaanga, samaki mkavu, unga wa muhogo. Kwanga iliyofungwa vizuri inakaa siku kadhaa. Kila siku anayokula cha kwake ni mstari mmoja usioandikwa.

Anayefanya kazi karibu, mwalimu, muuguzi, fundi, anaweza kubeba hata supu. Ichemke sawasawa, imiminwe ya moto kabisa ndani ya teremosi iliyosuuzwa kwa maji ya moto, inywewe mchana huo huo. Wali upikwe asubuhi. Ule uliolala ndani ya sufuria usiku kucha kwenye joto letu hili unatapisha watu, msimsingizie mchawi.

Na muhogo mchungu msiufupishie siku za kuloweka kwa sababu ya haraka. Ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu, madaktari waliuandika Kwango tangu 1938, na unawapata watu wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, bila samaki wala maharagi. Wakati wa kukimbia ndio watu wanafupisha.

Najua kuna mama anasikia haya na kusema: mwandishi huyu anataka niamke saa kumi ya usiku. Una haki, mama. Lakini mimi sisemi nawe. Nasema na huyo mwanaume aliyelala. Mikono inayoshika usukani wa pikipiki inaweza kumenya muhogo.

Lakini ugomvi wangu mkubwa si na wamotari. Kuna watu ambao kuwaambia "bebeni chakula kutoka nyumbani" ni matusi, kwa sababu nyumba waliiacha. Jamaa zilizokimbia zinakula mara moja kwa siku, jioni, kile kilichopatikana mchana. Alfajiri mama anatoka na tumbo tupu kwenda kulima shamba la mwenyeji. Analima mpaka jua la saa saba. Malipo yake ni sahani ya unga au noti chache, na anayapewa mwisho wa kazi. Yaani anafanya kazi ya jembe kwa nguvu ya chakula ambacho hajakila! Mwingine ananyonyesha.

Ninyi wenye mashamba, msiniambie kwamba mnawasaidia. Wao ndio wanasaidia mpunga wenu usimezwe na majani. Wekeni chungu motoni kabla ya kugawa majembe: uji wa mchele wenye karanga asubuhi, maharagi na bugali mchana. Na msikate chakula hicho kwenye malipo, maana hapo mtakuwa mapedeje wa shambani. Viongozi wa vijiji na wazee wa misikiti na makanisa, neno hili lisemwe wazi kwenye mikutano, kabla ya majira ya palizi, kwa majina ya mashamba ikibidi.

Mimi jana nilirudi pale kituoni na majani yangu. Wali, sombe, ndagala wawili. Wakaanza kucheka. Dakika tano baadaye mmoja akanyoosha mkono: "Kaka, nionjeshe."