Kunawa na Vitambaa vya Mezani

Bwana Mhariri,

Tafadhali unipe nafasi katika gazeti letu niwaulize wanachama wenzangu neno moja: ni nani aliyetufundisha kuona haya kwa kunawa?

Katika karamu ya chama ya juzi, mzee mmoja aliyekwisha kustaafu aliinuka kabla ya chakula, akauliza, "Wanangu, maji ya kunawa yako wapi?" Makarani vijana wakachekeana. Mmoja wao akamwonyesha kitambaa kilichokunjwa mfano wa kilemba juu ya sahani, akasema, "Babu, siku hizi twafuta, hatunawi." Mzee akaketi, akala pilau kidogo kwa kijiko asichokizoea, akaaga mapema. Nami nilinyamaza, na kwa kunyamaza huko najilaumu. Nimekwisha kwenda nyumbani kwake kumtaka radhi.

Hao waliocheka wadhani kitambaa kile ni cheti cha ustaarabu. Laiti wangalijua asili yake! Wazungu nao walikula kwa vidole. Katika Roma ya kale mgeni aliweza kuja karamuni na kitambaa chake mwenyewe, na mshairi Catullus alimtungia shairi zima mtu aliyewaibia wenzake vitambaa hivyo. (Nasi pia, katika kumi na viwili vilivyonunuliwa kwa fedha za ada, vilivyofika kwa dobi ni vinane.) Mwaka 1530 Erasmus aliwaandikia watoto kitabu cha adabu, akawakataza kulamba vidole vyenye mafuta au kuvipangusa katika nguo zao, akawaagiza watumie kitambaa. Uma wenyewe Waingereza waliuona kioja: Thomas Coryat, aliyeuona Italia na kuueleza katika kitabu chake cha mwaka 1611, alifanyiwa mzaha na rafiki zake. Tena katika nyumba za wakubwa wao wa zamani mtumishi alipitisha birika na tasa kabla ya kula, kama ifanywavyo kwetu pwani. Kitambaa kilifuata maji. Hakikuja badala ya maji.

Sikatai kitambaa. Kikiwa safi, na kila mtu ana chake, ni kitu chema, huzuia mchuzi usiharibu kanzu. Nakataa yale tuliyoyaona: wageni thelathini, vitambaa kumi na viwili, kimoja chapita mikononi mwa watu watatu, na wa mwisho akajifutia macho kwa sababu ya pilipili. Dresa aliyeketi karibu nami alitikisa kichwa, maana ugonjwa wa vikope huambukizwa kwa njia hiyo hiyo. Je, huo ndio ustaarabu uliotufanya tumcheke mzee?

Naiomba Halmashauri ijibu katika toleo lijalo: mabirika mawili, matasa mawili na sabuni vingalikuwa bei gani, na vile vitambaa viligharimu kiasi gani, pamoja na wanga na ujira wa dobi? Nitalileta neno hili mbele ya mkutano wa mwaka, na mwanachama atakayeniunga mkono ampelekee Katibu jina lake mapema.

Ni mimi,
Karani wa Masjala